Nyama ya maksai: papai bichi, nanasi, tangawizi au magadi?

MamaSupu_Isevya: Wakuu, habari za jioni. Nauza supu na wali hapa Isevya, Tabora mjini. Nyama tunayouziwa siku hizi nyingi ni ya maksai waliostaafu jembe, mkaa unaisha na nyama bado inavutika. Shoga yangu anasema papai bichi, jirani anasema nanasi, mama mkwe kashikilia magadi, mwingine kanitajia tangawizi. Kipi bora? Sitaki kuharibu ladha ya supu.

Mchomaji_Ngambo: Papai bichi, tumemaliza. Kwa mishikaki ponda kipande kidogo, paka, acha kama saa moja, tia jikoni. Usilaze usiku kucha, utakuta nje imekuwa uji na ndani bado ngumu vilevile. Na liwe bichi kweli, lile ukilichanja linatoa maziwa meupe. Likishaanza njano utomvu umepungua, hilo kula tu.

Bibi_Kiloleni: Magadi ni ya maharage na kande, mwanangu. Kwenye supu ukizidisha kidogo tu wateja watauliza kama sufuria ilisuuzwa vizuri.

Mwl_Baiolojia: Mama, hao wanne hawachezi mchezo mmoja. Papai lina papaini, nanasi lina bromelaini, tangawizi ina zinjibaini. Hivi ni vimeng'enya vinavyokata protini, na vyote vitatu hutumia sisteini, mojawapo ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini), mahali pa kukatia. Magadi si kimeng'enya. Yanapandisha pH, yaani yanapunguza uasidi, nyama inashika maji na kulegea, lakini yanaharibu vitamini B1. Ndimu nayo ni asidi tu.

Kwa supu, angalia joto. Papaini huchapa kazi zaidi kwenye nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, bromelaini chini kidogo ya hapo. Maji yakishachemka vyote vinakufa. Kwa hiyo kazi inafanyika wakati sufuria inapanda moto polepole. Ukitupia papai kwenye supu inayotokota, umetupa papai. Nanasi la kopo halisaidii kwa sababu hiyohiyo, limeshapita motoni kiwandani.

Mimi kwa supu ningechagua tangawizi. Ugumu wa mnyama mzee uko kwenye kolajeni, ile ya kano na utando, na zinjibaini inaiweza kolajeni vizuri. Isitoshe ladha yake ni ya supu tayari, nanasi litakuletea utamu ambao hukuuomba. Ila usitarajie muujiza: kolajeni ya maksai lazima ichemke taratibu muda mrefu mpaka igeuke jelatini.

Dogo_FormSix: Mwalimu, sisi tumefundishwa tumboni nyama inameng'enywa na pepsini, nayo inatumia asidi aspatiki. Si tungepaka hiyo?

Mwl_Baiolojia: Haitafanya kitu, dogo. Pepsini inataka pH ya karibu 2, nyama buchani iko kati ya 5.5 na 6. Pale papaini iko nyumbani, pepsini inasinzia. Ukiongeza magadi ndiyo unaizika kabisa.

Namna ya kukata nayo ni tofauti. Papaini hutumia salfa ya sisteini: inajishikiza yenyewe kwenye protini, kisha maji yanakuja kuwaachanisha. Pepsini ina asidi aspatiki mbili zinazotazamana, ya 32 na ya 215 kwenye mnyororo wake. Moja imeachia protoni, nyingine imeshika yake, na katikati imekaa molekuli moja ya maji. Iliyoachia huyanyang'anya maji protoni, na maji hayo yakishakuwa makali ndiyo yanayovunja kiungo cha peptidi, kile kinachounganisha asidi amino za protini. Yaani mkataji ni maji, aspatiki ni wachochezi.

Pepsini alianza kuieleza Theodor Schwann mwaka 1836. John Northrop akaipata katika hali ya fuwele mwaka 1930 na kuonyesha kuwa ni protini, jambo lililobishaniwa sana wakati ule. Mwaka 1946 alikuwa mmoja wa walioshiriki Nobel ya kemia.

MamaSupu_Isevya: Sasa mbona tumbo lenyewe haliliwi? Utumbo nao ni nyama, nauza kila siku!

Mwl_Baiolojia: Inatolewa ikiwa imefungwa, inaitwa pepsinojeni. Asidi ya tumbo ndiyo inayoifungua, na ukuta wa tumbo una ute wa kuukinga.

Mfamasia_Cheyo: Niongeze kidogo. Kimosini ya tumbo la ndama, inayogandisha maziwa ya jibini, ni ya ukoo huohuo wa aspatiki. Virusi vya UKIMWI navyo vina kimeng'enya cha aina hii, kina nusu mbili na kila nusu inaleta asidi aspatiki yake, namba 25. Dawa za UKIMWI kama atazanaviri na lopinaviri huenda kukaa pale katikati zikaziba. Hata kimelea cha malaria hutumia plazimepsini kula himoglobini yetu. Papaini haimo kwenye ukoo huu, msichanganye.

Shemeji_Ipuli: Majani ya mpapai je? Kwetu tunafungia nyama.

Mchomaji_Ngambo: Yanasaidia, utomvu umo hata kwenye majani, lakini kwa maksai tunda bichi lina nguvu zaidi. Vaa glavu unapomenya, ule utomvu unababua vidole. Na mteja akikwambia glavu za mpira huwa zinamwasha, usimpe nyama ya papai, mzio wa vitu hivyo viwili mara nyingine huenda pamoja.