Simu ya Upepo na Simu ya Mkononi: Gumzo la Ukoo Kabla ya Safari ya Tumaini

Kikundi: Ukoo wa Babu Mwinjilisti, Dodoma

Mama Tumaini, saa 12:40 jioni
Shikamooni wazee wetu wote, na wengine habari za jioni. Kama mlivyosikia kanisani, Tumaini amepangiwa kwenda kufanya kazi ya umisionari pamoja na uuguzi katika kijiji kimoja cha Wasandawe, mbele ya Kwa Mtoro, wilayani Chemba, na ataondoka wiki ijayo. Kwenye semina ya wanaotumwa wameshauriwa kwamba miezi mitatu ya kwanza wapunguze sana matumizi ya simu ili wazoee watu wanaokwenda kuishi nao. Mimi mzazi usingizi umenipaa. Kule mtandao wa uhakika unapatikana mlimani tu, na huo kidogo uliopo bado anaambiwa aupunguze. Naomba ukoo utushauri.

Baba Mdogo, saa 12:52 jioni
Pole sana, shemeji. Mimi sikubaliani na ushauri huo. Nimefanya kazi ya kusimamia wainjilisti wa vijijini kwa miaka mingi, na ninakumbuka posho zao zilivyokuwa zikisafiri: ninafunga noti kwenye bahasha, ninaziweka ndani ya soksi, ninapanda baiskeli au lori la mahindi, na mwinjilisti wa mwisho anapata posho ya Januari mwezi wa Machi. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na minara ikaendelea kusogea vijijini, mtu alianza kupokea haki yake akiwa amesimama shambani na jembe mkononi. Mtoto wao akiugua usiku, leo wanaweza kumpigia mwenye pikipiki. Muuguzi akikutana na kidonda asichokielewa, anakipiga picha, anamtumia daktari wa mjini, na jibu linarudi kabla maji ya kusafishia hayajachemka. Tumaini ni muuguzi. Simu kwake ni kifaa cha kazi kama mkasi.

Shangazi wa Mpwapwa, saa 1:05 usiku
Mimi nipo hapa Mpwapwa, mahali ambapo wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, walifungua kituo miaka ya 1870 wakiwa njiani kwenda Uganda, na kila nipitapo kule huwa naikumbuka ile barua iliyowaleta. Henry Stanley, yule mwandishi wa habari na mpelelezi, aliiandika akiwa Buganda mwezi wa Aprili 1875, akiomba wamisionari waje, na ilichapishwa gazetini London tarehe 15 Novemba mwaka huohuo. Hesabuni wenyewe: ombi moja lilichukua miezi saba kusikika. Waliokuja baada ya hapo walitegemea wapagazi kutoka pwani, na mpagazi akiugua njiani au akikimbia vita, barua zililala porini. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, hali ilianza kubadilika, lakini aliyekuwa kijijini mbali na stesheni aliendelea kungoja mtu wa kwenda mjini. Kwa hiyo miezi mitatu ya Tumaini isitutishe kupita kiasi, wifi yangu. Ila ninakubali kwamba mama wa siku zile naye hakulala.

Mjomba wa Kondoa, saa 1:20 usiku
Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa. Tunazungumza juu ya kile ambacho mmisionari anapokea kwa simu, lakini kuna kile anachotuma. Zamani walikuwa wakiandika barua za sala kwenda kwa waliowatuma, mara tatu au nne kwa mwaka, wakieleza maisha ya kijiji, wagonjwa, waliookoka, waliorudi nyuma. Sisi tulioandikwa humo hatukuzisoma hata siku moja. Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha huku kwetu, mgeni mmoja alimpiga picha mtoto aliyekuwa na utapiamlo, akaiweka kwenye ukurasa wake wa Facebook pamoja na maneno ya kuomba msaada. Nia yake ilikuwa njema na msaada ulipatikana. Lakini kaka wa mtoto yule anafanya kazi ya ujenzi mjini, akaiona picha kwenye simu ya rafiki yake, akamtumia mama yake. Nilikuwepo siku mama alipoletewa simu ile. Aliitazama kwa muda mrefu, akaipangusa kioo kwa upindo wa khanga kana kwamba ni uso wa mtoto mwenyewe, kisha akauliza: "Hawa watu wote wamemwona mwanangu akiwa uchi?" Hakukuwa na wa kumjibu. Mgeni yule aliomba radhi na akaiondoa picha, na ninamheshimu kwa hilo. Tumaini, mpwa wangu, mtu yeyote utakayemwandika siku hizi ataisoma habari yake, au ndugu yake ataisoma. Hilo ni jambo jema, lakini usilisahau.

Tumaini, saa 1:31 usiku
Shikamooni nyote. Ninasoma kila neno. Mjomba, nimelipokea hilo, na ninaahidi kwamba sitapiga picha ya mgonjwa isipokuwa kwa ajili ya daktari, tena kwa ruhusa yake au ya mzazi wake. Bado sijaamua juu ya semina. Ningependa kumsikia Bibi, kwa sababu yeye ndiye aliyeishi na wamisionari na kuendesha simu ya upepo, ile redio ya mawasiliano, pale hospitalini.

Bibi, saa 2:15 usiku
Marahaba, wanangu. Mbukwenyi. Mnisamehe kwa kuchelewa, maana ninaandika kwa kidole kimoja na nimeandika mengi.

Simu ile ilikaa juu ya meza katika chumba cha stoo, imeunganishwa na betri ya lori, na waya wake ulitoka dirishani ukapanda hadi kwenye mbuyu, ukavuka uwanja mpaka mbuyu wa pili. Tulikuwa na saa zetu, asubuhi saa moja na jioni saa kumi. Nje ya saa hizo, hata ungekuwa unakufa, upande wa pili hapakuwa na mtu. Kituo kikuu kiliita vituo kimoja kimoja, nawe ulingoja zamu yako, ukabonyeza kitufe, ukasema, ukamaliza kwa "ova", ukakiachia ili mwenzako aweze kujibu. Mawimbi yake yalikwenda juu angani na kurudi chini, ndiyo maana hali ya hewa na saa ya siku vilikuwa bwana wetu. Ngurumo zikianza, ulisikia mkwaruzo tu kama mafuta yanayokaanga. Na kila neno ulilolisema lilisikiwa na vituo vyote. Tuliagiza dawa, tuliomba ndege ya MAF, shirika la ndege za kimisionari ambalo wakati huo lilikuwa na kituo Dodoma, ije kumchukua mgonjwa, tulimwambia rubani kama ng'ombe wameondolewa uwanjani, yote hayo mbele ya masikio ya watu wote.

Mwaka 1979, katika msimu wa mvua, tulikuwa na sista mmoja kutoka Australia, muuguzi kama wewe, mjukuu wangu. Alikuwa nasi kwa miaka miwili, akisema Kigogo cha daftarini, kilichonyooka lakini hakina chumvi. Mama yake alifariki kwao. Telegramu ilifika Dodoma upesi tu, lakini mvua ilikuwa imekata barabara, na radi hazikutupa nafasi hewani, betri nayo ilikuwa imechoka. Siku ya tisa, saa moja asubuhi, sauti ikatoka ikiita kituo chetu: tuna ujumbe wenu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kipaza sauti. Vituo vyote vilisikia kwamba mama yake sista amefariki na amezikwa, naye mwenyewe alikuwa wodini anamfunga mtoto bandeji, hajui. Ule mwendo wa kutoka stoo hadi wodini sijausahau mpaka leo.

Hakuwa na mtu wa kumpigia. Aliketi chini ya mbuyu. Wanawake wa kijiji walipopata habari, na walizipata kabla jua halijafika utosini, walikuja na kuni na unga wa uwele, wakatandika mikeka nje ya nyumba yake, wakalala naye matanga siku tatu, wakipika ugali na mlenda na kumlisha kwa lazima. Bibi mmoja mzee alikuwa akimshika kichwa na kumwimbia usiku. Katika siku zile tatu Kigogo chake kilibadilika. Alijifunza maneno ya kulia, na maneno ya kumwambia mtu "nipo", ambayo hayakuwa kwenye daftari lake. Alipoondoka mwaka 1991, watu hawakusema mgeni ameondoka.

Miaka minane iliyopita nilialikwa katika kituo hichohicho kuwasalimu mke na mume waliokuwa wametumwa na kanisa lao kutoka nchi nyingine. Nilipokuwa pale, baba wa yule mke alifariki. Walijua ndani ya dakika chache. Wakafunga mlango, wakafungua kompyuta, na kwa siku mbili waliomboleza pamoja na ndugu zao, wakayaona mazishi kwa macho yao. Wanawake walikuja na kuni na unga, kama mama zao walivyokuja. Waliketi nje. Waliisikia sauti ya kilio ikitoka ndani, na sauti nyingine za mbali zikikiitikia kwa lugha wasiyoijua. Giza lilipoingia waliweka unga mlangoni wakaondoka. Sikumlaumu binti yule, na simlaumu sasa. Ni nani asingetaka kumwona baba yake kwa mara ya mwisho? Lakini aliishi pale miaka mitatu, na mpaka anaondoka hakuna mwanamke aliyewahi kumshika kichwa.

Mama Tumaini, saa 2:34 usiku
Mama, nimelia. Lakini unisamehe, nami niseme ukweli wangu. Siku tisa ni nyingi mno. Kama jambo litampata Tumaini, sitaki kulisikia baada ya siku tisa, na kama jambo litampata baba yake hapa, sitaki mwanangu aje akute kaburi limekwishaota majani. Yule sista alipata ndugu, nami ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini alinyimwa mazishi ya mama yake.

Bibi, saa 2:41 usiku
Hujakosea, mwanangu. Naye mwenyewe aliniambia hivyo hivyo. Siku hizi ananipigia kwa simu hii ya picha kila Krismasi, nywele zake nyeupe kama pamba, na tunazungumza Kigogo tupu mpaka chaji yangu inakwisha. Kama si simu, ningekuwa sijui kwamba yu hai. Sisemi simu iachwe. Ninasema simu ya upepo ilikuwa na saa zake, na saa zilizobaki zote zilikuwa za watu waliokuzunguka. Hii ya sasa haina saa. Inamfuata mtu mpaka kitandani, na waliomtuma wanataka taarifa kila wiki, na picha, na jibu la haraka, hata jirani anapobisha hodi anamkuta ameinama.

Baba Mdogo, saa 2:50 usiku
Mama, hapo umenishika. Kwa kweli mimi mwenyewe nimekuwa miongoni mwa wanaodai taarifa. Nimewahi kumpigia mwinjilisti mara nne kwa siku moja nikitaka idadi ya waliohudhuria ibada, na baadaye nikaambiwa kwamba kila mara alilazimika kuacha watu na kupanda mlima ili anijibu. Nitazungumza na wenzangu ofisini juu ya jambo hili, tuone kama taarifa inaweza kuwa ya mwezi.

Tumaini, saa 3:08 usiku
Bibi, nimeamua. Nitakuwa na saa, kama za kwako. Jumapili saa kumi na moja jioni nitapanda mlimani na kuwapigia, na siku nyingine simu ya nyumbani itakuwa imezimwa. Ile ya zahanati itabaki wazi wakati wote kwa ajili ya wagonjwa na daktari. Kwa dharura ya kifo au ugonjwa, mama atampigia katekista wa pale, nami nitamtumia namba yake faragha. Yeye ndiye atakayekuja kuniambia kwa mdomo wake, ili nisilipokee jambo zito nikiwa peke yangu mlimani. Na Kisandawe nitakianza siku ya kwanza. Nimejaribu vile vidoko vyao, sauti za kudokoa kwa ulimi, kwa mwanafunzi mwenzangu wa chuo anayetoka huko, na vitatu bado vinanishinda.

Mjomba wa Kondoa, saa 3:12 usiku
Vitakuja. Ila usijifunze kwa memori kadi za mahubiri peke yake. Kaa na watoto, hao hawaoni haya kukusahihisha.

Mama Tumaini, saa 3:20 usiku
Nimekubali, ingawa si kwa wepesi. Nitamnunulia paneli ndogo ya sola ya kuchajia. Baba Mdogo, tafadhali uliza gari la Kwa Mtoro linaondoka saa ngapi.

Tumaini, saa 3:26 usiku
Asante, mama. Jumapili ya kwanza msinitarajie, kwa kuwa nitakuwa ndiyo kwanza nimefika na sitakuwa nimeujua mlima wenyewe. Tuanze Jumapili inayofuata.

Bibi, saa 3:31 usiku
Sawa, mjukuu wangu. Saa kumi na nusu nitakuwa nimekwisha kuketi.