Mfuko wa hisa za Kanada wenye sehemu ya nje: je, unatosha peke yake?

Mtanga wa Winnipeg:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mke wangu tunaishi Winnipeg, na tumejaaliwa kuweka akiba ya dola 30,000 za Kanada ambazo hatutarajii kuzigusa kwa miaka 20 hivi. Tulipokwenda benki kuuliza namna ya kuziwekeza, afisa alitupendekezea mfuko wa hisa za Kanada ambao meneja wake anaruhusiwa kuweka hadi asilimia 30 ya fedha katika kampuni za nje. Kwa sasa sehemu hiyo ya nje imejaa, na karibu yote iko Marekani. Gharama za mfuko kwa mwaka, yaani MER, ni asilimia 2.1.

Nyumbani niliwahi kununua vipande vya mfuko wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa hiyo mfuko wa pamoja unavyofanya kazi naelewa. Kinachonitatiza ni hiyo sehemu ya nje. Je, asilimia 30 inatosha kutukinga endapo uchumi wa Kanada utayumba, au ni afadhali kuchukua mfuko wa Kanada mtupu na kununua wa dunia kando? Naomba pia kujua kama kodi inabadilika. Niongeze kwamba nia yetu, Mungu akipenda, ni kustaafia Tanga.

Mama Hesabu:

Mwanangu, nianze na kundi la mfuko wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotezwa. Kwa utaratibu wa Kanada, mfuko unaohesabiwa kuwa wa hisa za Kanada moja kwa moja hutakiwa kuwa na angalau asilimia 90 ya hisa zake humu nchini, na ule ambao sehemu yake ya Kanada iko kati ya asilimia 50 na 90 huwekwa katika kundi la mifuko inayoelemea Kanada. Mfuko wako ni wa kundi hili la pili. Ukionyeshwa mchoro unaoulinganisha na soko la Toronto peke yake, ukatae kwa adabu, kwa kuwa katika mwaka ambao hisa za Marekani zimepanda kuliko za hapa, meneja ataonekana bingwa ilhali aliyembeba ni ile asilimia 30. Omba kipimo kilichochanganya masoko yote mawili kwa uwiano uleule.

Hiyo 30 yenyewe ina historia. Zamani sheria iliweka kikomo cha mali ya nje katika akiba ya uzeeni ya RRSP: kilianzia asilimia 10, kikapanda hadi 20, kisha 25 mwaka 2000 na 30 mwaka 2001, na kikafutwa kabisa mwaka 2005. Kwa hiyo usiichukulie namba hiyo kana kwamba kuna mtu aliyekaa akapima hatari na kuona kwamba 30 ndiyo inayomfaa mwekezaji, maana serikali ndiyo iliyoizoesha masikioni mwa watu.

Sasa tazama asilimia 70 iliyobaki. Soko lote la hisa la Kanada ni kama asilimia 3 tu ya masoko ya dunia, na ndani yake benki na bima huchukua karibu theluthi moja. Ukijumlisha mafuta, gesi na madini, umeshapita nusu. Kampuni za dawa na tiba hazifikii hata asilimia 1. Waliokuwapo hapa mwaka 2000 wanakumbuka Nortel, kampuni moja ya mitambo ya simu ambayo thamani yake ilizidi theluthi ya kipimo kizima cha soko la Toronto. Januari 2009 ikaomba kinga ya mufilisi. Mtu aliyedhani amesambaza fedha zake katika kampuni 300 za kipimo hicho alikuwa ameziweka katika kampuni moja na vijisehemu vya nyingine.

Sehemu yako ya Marekani inaziba pengo la teknolojia na dawa, hilo silikatai. Ulaya, Japani na India, hata hivyo, huna kitu huko. Ni afadhali kidogo kuliko Kanada tupu, lakini kusema mfuko una kila kitu ndani ni maneno ya muuzaji.

Mpemba wa Ottawa:

Shikamoo Mama. Naomba nitofautiane nawe kidogo kuhusu uzito wa jambo lenyewe. Mahali kampuni ilipoandikishwa hapatuambii fedha zake zinatoka wapi. Benki ya TD ina matawi kutoka Maine hadi Florida, reli ya CN inafika New Orleans, na reli ya CPKC tangu mwaka 2023 inaunganisha Kanada, Marekani na Meksiko kwa njia yake yenyewe. Barrick, ambayo huwa katika mifuko mingi ya hisa za Kanada, inachimba dhahabu North Mara na Bulyanhulu kwa ubia ambao serikali ya Tanzania ina asilimia 16, kwa hiyo ndugu yetu anaweza kukaa Winnipeg kwenye theluji huku akimiliki chembe ya Mara bila kujua. Ndani ya mfuko huo sehemu ya nje ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kinachonitisha mimi ni ile asilimia 2.1. Tuchukulie kwamba hisa zitapata asilimia 6 kwa mwaka kabla ya gharama, nami nasema tuchukulie kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Dola 30,000 kwa miaka 20 zitakuwa kama 64,500 ukilipa asilimia 2.1, na kama 92,600 ukilipa asilimia 0.2. Tofauti ya dola 28,000 ni karibu sawa na mtaji wote mlioanza nao, na inakatwa kila mwaka, soko lipande au lishuke. Katika mifuko ya hisa inayouzwa matawini, mara nyingi karibu asilimia 1 kati ya hiyo hurudi kila mwaka kwa aliyeuza mfuko. Ulizeni waziwazi kiasi gani kinarudi. Waraka mfupi wa taarifa za mfuko, ambao tangu mwaka 2016 muuzaji analazimika kuwapa kabla hamjanunua, unaonyesha jambo hilo.

Mbadala upo. Kuna mifuko inayouzwa sokoni kama hisa, ile inayoitwa ETF, na Kanada ndiyo iliyotangulia duniani kuianzisha, mwaka 1990. XEQT na VEQT, kwa mfano, zimekusanya hisa za dunia nzima kwa gharama isiyofika asilimia 0.25, na sehemu ya Kanada ndani yake ni kati ya robo na theluthi. Huo ni uwiano wa mfuko wako uliogeuzwa chini juu. Utahitaji akaunti ya dalali wa mtandaoni na moyo wa kutofungua programu kila soko likishuka. Kama moyo huo huna, mshauri anayekuzuia kuuza kwa hofu anaweza kustahili ada yake, ingawa si lazima iwe ada hii.

Mtanga wa Winnipeg:

Nawashukuru sana. Hesabu ya Mpemba imenikosesha usingizi. Nibakishe maswali mawili: fedha hizi ziwekwe katika TFSA, yaani akaunti ya akiba ambayo faida yake haitozwi kodi Kanada, au katika RRSP ya uzeeni, na je, kupanda na kushuka kwa dola ya Kanada kunaathirije sehemu ya nje?

Mama Hesabu:

Marahaba, Mpemba. Kwenye ada umenishinda.

Kuhusu kodi, mwanangu, Marekani hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye gawio linalokwenda kwa mkazi wa Kanada. Ndani ya TFSA kodi hiyo hairudi. Ndani ya RRSP inasamehewa, lakini kwa anayeshika mwenyewe hisa au mfuko ulioandikishwa katika soko la Marekani. Ukipitia mfuko wa Kanada kama huo wa benki, unaikosa nafuu hiyo hata kwenye RRSP. Usitishike, hata hivyo. Ikiwa asilimia 30 iko Marekani na gawio lake ni asilimia 1.5, kodi hiyo ni kama senti 70 kwa kila dola 1,000 kwa mwaka, wakati ada ya mfuko ni dola 21 kwa kila dola 1,000. Nje ya akaunti hizo mbili mambo hubadilika: gawio la kampuni za Kanada hupata nafuu maalumu ya kodi, na la nje hutozwa kama mshahara, ingawa ile kodi ya zuio unaweza kuidai.

Kuhusu sarafu, mfuko ambao haujakingwa dhidi ya kupanda na kushuka kwake hukupa dola ya Marekani ndani ya hisa. Mwaka 2008 hisa zilipoanguka, dola ya Kanada nayo ilianguka pamoja na bei ya mafuta, na waliokuwa na mali ya Marekani isiyokingwa waliumia kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2012 dola hii ilikuwa karibu sawa na ya Marekani, na Januari 2016 ilishuka chini ya senti 70. Mimi nisingelipia kinga kwa fedha za miaka 20, hasa kwa watu wanaotaka kustaafia Tanga. Kwenu ninyi Kanada yenyewe ndiyo nje, na kurundika asilimia 70 katika nchi ambayo hamtazeekea kunahitaji sababu kubwa kuliko ile ya kwamba ndivyo benki ilivyozoea kuuza.

Kama kila mmoja wenu bado ana nafasi katika TFSA, jazeni hiyo kwanza. Kikomo cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000 kwa mtu, na nafasi msiyoitumia hujilimbikiza tangu mwaka mlipokuwa wakazi. Mkishahamia Tanga msiongeze hata senti humo, kwa kuwa mchango wa asiye mkazi hutozwa faini ya asilimia 1 kila mwezi, na msamaha wa TFSA ni wa sheria ya Kanada, hauifungi TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Fedha za RRSP mkizitoa mkiwa huko hukatwa asilimia 25, isipokuwa pale mkataba wa kodi kati ya Kanada na Tanzania unapopunguza. Na kama mna nyumba ya kupangisha nyumbani ambayo, pamoja na mali nyingine za nje, iliwagharimu zaidi ya dola 100,000, fomu ya T1135, ya kutangaza mali za nje kwa mamlaka ya kodi ya Kanada, inawahusu tangu sasa, wala si siku ya kuondoka.