Sijda ya shukr bila udhu, inasihi?

Ummu_Z:
Asalam aleykum wapendwa, naombeni msaada kwenye hili. Jana nikiwa kazini nimepokea simu kwamba mama katoka salama chumba cha upasuaji, jamani nilivyosikia tu nikajikuta nimeshuka chini nimesujudu palepale, viatu mguuni, udhu sina, na kibla wala sikukiwaza. Sasa mwenzangu mmoja ananiambia hiyo haihesabiki, eti ilibidi nitie udhu kwanza kisha niswali rakaa mbili za shukrani. Ni kweli?

Abu_Sumayya:
Waaleykum salam dada, alhamdulillah kwa afya ya mama. Sijda ya shukr (kusujudu kumshukuru Allah kwa neema) ipo, Abu Bakra (siyo Abu Bakr Swiddiq, huyu ni swahaba mwingine) kasimulia kwamba Mtume ﷺ akijiwa na jambo la kumfurahisha alikuwa anaporomoka kusujudu. Ila kwa Mashafii (wafuasi wa Imam Shafii) masharti yake ni kama ya swala, udhu, kibla, sitara (kujistiri mwili), unaleta takbira unasujudu mara moja unakaa unatoa salamu. Viatu havina neno kama ni visafi. Kwa hiyo mwenzio kwenye udhu hajakosea sana, ila hizo rakaa mbili ndo sijui kazitoa wapi.

mja_tu:
Akhi hapo kwenye udhu pana khilafu (wanazuoni wametofautiana), usimfungie dada mlango. Mwanazuoni Ibn Taymiyya na wengine wanasema udhu si sharti, maana habari njema inakukuta popote, na hakuna hadithi inayosema Mtume alienda kutia udhu kwanza. Ukienda kutafuta maji ukirudi ile furaha si imeshapoa? Angalia swahaba Kaab bin Malik, amesuswa na watu usiku 50 kwa sababu ya kubaki nyuma vita vya Tabuk, mara anasikia mtu anapiga ukelele juu ya mlima Sal'i, "ewe Kaab, pokea bishara (habari njema)!", yaani toba yake imekubaliwa, akaanguka kusujudu hapohapo.

Abu_Sumayya:
Hahaha lakini Kaab alikuwa ndo katoka kuswali alfajiri juu ya paa la moja ya nyumba zao, isome vizuri, imo kwenye Bukhari na Muslim. Mtu katoka kuswali udhu anao, hiyo haikusaidii.

mja_tu:
Sawa hapo umenibana 😂 ila hoja ya kutokuwepo amri ya udhu bado imesimama palepale.

bintAhmad:
Nyie mabishano yenu matamu ila mmesahau kumwambia dada kwamba kuna maimamu hata hiyo sijda yenyewe hawaioni hivyo, Imam Malik inanukuliwa aliichukia, na kwa Abu Hanifa vilevile haikuwa sunna japo wanafunzi wake wawili wakubwa waliipendekeza. Kwa hiyo mwenzio asikupe presha. Rakaa mbili maalumu kwa jina la shukrani mimi sijaona dalili yake, wengine wanashika zile rakaa 8 za Mtume nyumbani kwa Ummu Hani, binamu yake, siku ya kufunguliwa Makka, lakini wengi wanasema hiyo ilikuwa dhuha (swala ya sunna ya asubuhi jua likishapanda). Ukitaka kushukuru kwa swala si uswali dhuha tu, hadithi ya Muslim inasema kila kiungo cha mwili kinadaiwa sadaka kila siku na rakaa mbili za dhuha zinatosha.
Kingine, huyo Kaab alivua nguo zake mbili akampa aliyemletea bishara, na siku hiyo hakuwa na nyingine, ikabidi aazime. Hii sehemu watu huwa wanairuka 😅

Ummu_Z:
Mashaallah, Allah awalipe. Na je nikiwa kwenye hedhi habari ikanikuta?

Abu_Sumayya:
Kwa wanaoshurutisha udhu husujudu, unamshukuru kwa ulimi, na dua ya Nabii Suleiman kwenye surat Naml aya ya 19 inafaa sana hapo. Kwa kauli ya mja_tu unasujudu. Na kitu kimoja cha kuchunga, usije ukasujudu sijda ya shukr ukiwa ndani ya swala, kwetu Mashafii swala inabatilika.

mja_tu:
Hiyo nakubali bila ubishi.