Vitz RS, Swift Sport au Demio: kwa laki tisa na nusu hapa Mombasa, nichukue lipi?

Mwana_wa_Mikindani
Asalaam aleikum wadau. Probox imeshauzwa, pesa zipo, na wiki ijayo nataka niwe na gari. Miaka yote nimeendesha gari la mizigo. Sasa nataka gari dogo ambalo halitanilaza njiani, na nikishika usukani nihisi kweli naendesha. Nimebakisha matatu: Vitz RS ya manyuali, Swift Sport ya 1.6 na Demio ya petroli, umbo lile la kuanzia 2014. Bajeti laki tisa na nusu. Lipi linadumu na lipi lina raha?

Dereva_Mtwapa
Waaleikum salaam. Ndugu, umetuficha mengi. Laki tisa na nusu ni ya gari peke yake, ama ndani yake mna bima, kuhamisha jina huko NTSA, mamlaka ya usafiri, na matairi? Wavuka feri ya Likoni kila siku? Gari litalala wapi, uani ama nje barabarani? Kuna mwingine atakayeendesha? Sema hayo kwanza, la sivyo kila mtu hapa atakupigia debe gari lake.

Mzee_wa_Magongo
Mimi sina haja ya kuuliza mengi. Vitz RS. Injini yake ya 1NZ ndiyo hiyo hiyo uliyoizoea kwenye Probox za zamani na Fielder, kwa hivyo kuanzia Changamwe hadi Mazeras hukosi fundi anayeijua. Inatumia cheni, hakuna habari ya kubadilisha mkanda wa taimingi. Gari jepesi, gia tano, spea unapata siku hiyo hiyo. Wataka raha gani zaidi mwanangu?

Kasi_ya_Nyali
Mzee wangu nakuheshimu, lakini Vitz RS ni Vitz iliyovishwa bampa. Swift Sport iliundwa tangu mwanzo iendeshwe kwa raha. Ile ya muundo wa ZC32S ina injini ya M16A, farasi 136, gia sita za mkono, na uzito wake ni kilo elfu moja na kitu tu. Ipeleke Kombani uanze kupanda Kwale asubuhi na mapema, magari yakiwa bado machache. Kwenye kona unaweka gia ya tatu, unakanyaga, na gari linakwenda pale pale macho yanapoangalia. Injini haina turbo, kwa hivyo inapanda yenyewe taratibu hadi juu kabisa, na huko juu ndiko kwenye utamu. Shida ni kwamba iliyotunzwa vizuri hupati kwa laki tisa na nusu. Ongeza kidogo. Gari hununui kila mwaka.

FundiWaMshomoroni
Mimi kazi yangu ni kulala chini ya haya magari, kwa hivyo nitasema ninayoyaona.

Demio hiyo ya kuanzia 2014 ina otomatiki ya gia sita za kweli, si CVT, ile giaboksi ya mkanda na puli isiyo na gia. Ukikanyaga inashuka gia na gari linaondoka, hakuna kelele ya bure. Usukani wake ni mzuri kuliko wa Vitz, hilo hata Mzee akijaribu atakubali. Ila chukua ya petroli kama ulivyosema, usishawishike na mtu anayekuuzia ya dizeli ya 1.5 kwa sababu inakula mafuta kidogo. Ile inajaza masizi upande wa kuingizia hewa, na kichujio chake cha moshi kinahitaji joto la safari ndefu ili kijisafishe. Mtu wa safari za mjini, dakika ishirini kwenye foleni ya Makupa, ndiye anayeiua.

Swift Sport ni gari zuri, ubishi hakuna. Lakini ZC32S iliisha kuundwa 2017, na kwa sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane huwezi tena kuiagiza Japani. Zilizobaki ni hizi zilizo nchini, zimeshapita mikononi mwa vijana, na nyingi nizionazo zimeshushwa springi. Ukivuka feri wakati maji yamekupwa, ile daraja ya kupandia inakuwa na mteremko mkali, na gari lililoshushwa linakwaruza bampa na sahani ya chini. Nimeshafunga bampa nyingi kwa waya.

MamaZuu_Bamburi
Kabla hamjafika kwenye jina la gari, chungulieni chini yake. Yaliyonipata mimi nisingependa yampate mwingine.

Nilinunua gari dogo la Kijapani kwenye yadi moja hapa mjini, sitaitaja. Juu lang'aa, viti havina doa, mita inasoma chini ya kilomita elfu sitini. Nilikwenda na fundi, akataka lipandishwe juu. Wakasema jeki yao imeharibika, tuangalie kwa tochi. Chini kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi, bado yanuka. Tukaambiwa ni dawa ya kuzuia kutu, eti wanawafanyia wateja wote.

Mvua za masika zilipoingia nikaanza kusikia mlio nyuma upande wa kushoto kila nikipita tuta. Ko, ko. Nikalipeleka gereji, likapandishwa. Fundi akachukua bisibisi akaigusa ekseli ya nyuma, ile boriti inayoshika magurudumu mawili. Hakuipiga, aliigusa tu, na bisibisi ikazama. Alipoitoa, kutu ikamwagika sakafuni vipande vipande kama maganda ya muhogo, na upande mmoja wa kila ganda una ile rangi nyeusi. Mabomba ya breki nayo yalikuwa yameliwa. Mimi na watoto wangu tulikuwa tukipita Daraja la Nyali kila siku na breki zile.

Baadaye jamaa mmoja anayeagiza magari akanitafutia karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kabla halijauzwa Japani, kwa namba ya chesisi. Gari lilitoka Hokkaido, ambako wakati wa theluji barabara humwagwa chumvi. Karatasi yenyewe iliandika kutu chini, na kilomita zilikuwa zaidi ya laki moja na ishirini. Nikarudi yadi na karatasi mkononi. Jibu: ulitia sahihi kwamba umelikagua. Nilibadilisha ekseli na mabomba, nikaliuza kwa hasara, na mnunuzi nilimwambia kila kitu. Kwa hivyo mimi sikushauri Vitz wala Swift. Nakushauri gari lisilo na kutu, na muuzaji anayekubali lipandishwe.

FundiWaMshomoroni
Pole sana mama. Hiyo rangi nyeusi mbichi ni dalili mbaya siku zote. Dawa halisi ya kutu hupakwa chuma kikiwa kisafi, na haipakwi juu ya matope wala juu ya nati.

Karatasi ya mnada ni haki yako kuiomba. Ukiona R au RA kwenye alama ya jumla, gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, S ni kutu na C ni kutu iliyokwishakula chuma. Muuzaji akikuambia karatasi imepotea, namba ya chesisi haijapotea.

Mwana_wa_Mikindani
Asanteni. Mama Zuu, pole, hiyo imenitisha. Kujibu Dereva: nafanya kazi Likoni, siku nyingine napita feri na siku nyingine barabara ya Dongo Kundu nikiona foleni ni ndefu. Gari litalala nje, hakuna kivuli. Pesa hizo ni za kila kitu pamoja na bima. Na mke wangu ataendesha pia, ila leseni yake ni B1.

Dereva_Mtwapa
Haya, sasa umetuambia! B1 ni ya otomatiki tu. Kuendesha manyuali lazima awe na B2. Umetupitisha Swift yote na Vitz ya gia tano wakati nusu ya nyumba haiwezi kuzigusa.

Kasi_ya_Nyali
Si ajifunze? Mtihani wa manyuali si mlima. Mtu akijua klachi anaendesha gari lolote, na siku ya dharura hakwami.

MamaZuu_Bamburi
Kaka, mke wake hajasema anataka kujifunza klachi kwenye foleni ya Likoni. Na si suala la polisi tu. Dereva akipata ajali na gari la aina isiyo kwenye leseni yake, kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa kulipa. Gari la nyumbani ni la watu wawili. Muulize mwenyewe kwanza.

Mzee_wa_Magongo
Basi achukue Vitz RS ya CVT. Injini ni ile ile.

FundiWaMshomoroni
Injini ni ile ile lakini raha haipo tena, Mzee wangu. Na CVT nyingi zinazoletwa kwangu zikiunguruma hazikufa kwa uzee. Mtu alitiliwa oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni bei nafuu. CVT inataka oili yake, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ule mkanda wa chuma unafanya kazi kwa kushikana na puli, ukibadilisha oili unabadilisha mshiko, na ukishaanza kuteleza umekwisha. Ukienda kuangalia yenye CVT, ondoka taratibu kutoka kusimama. Ikitetemeka, achana nayo.

Paka_wa_Tudor
Samahani kuingilia. Kwa pesa hizo si anapata Golf ya 1.4 yenye turbo? Ya jirani yangu inaruka.

FundiWaMshomoroni
Inaruka ikiwa baridi. Ile giaboksi ya DSG ya gia saba ina klachi mbili kavu, haziogi kwenye oili. Kwenye foleni ya kusogea hatua hatua na joto letu la Mombasa, klachi zinasuguana kutwa, na ubongo wake wa umeme na oili ndio unaoharibika mara nyingi. Gari zuri kwa anayekwenda Voi na kurudi. Kwa anayengoja feri kila siku, hapana.

Kasi_ya_Nyali
Hilo nakubali. Lakini bado nasema kununua Demio ya 1.3 na kuiita gari la raha ni kujipunja.

Dereva_Mtwapa
Ana laki tisa na nusu pamoja na bima, gari lalala juani, mke ana B1. Raha itoke wapi tena? Mimi ninayo Demio hiyo ya 1.3. Mlima wa kupanda Mazeras inahitaji uikanyage, sidanganyi, lakini mjini inachangamka na kwenye kona imetulia. Kitu kimoja: kagua AC mapema. Ile kondensa, rejeta ya AC, iko mbele kabisa, upepo wa bahari unaila. Yangu nilibadilisha. AC ikichelewa kupoza mchana saa saba, usiambiwe ni gesi tu.

MamaZuu_Bamburi
Na akishanunua aoshe chini kila wiki, hasa akipita Diani ama Nyali karibu na bahari.

Paka_wa_Tudor
Aoshe kwa maji gani? Sehemu nyingi za kuosha magari hapa wanavuta maji ya kisima, na visima vyetu vina chumvi. Unaondoa chumvi ya bahari unaweka ya kisima.

Mzee_wa_Magongo
Hapo umenena. Sisi Magongo mfereji ukitoa maji ni sikukuu. Maji ya Mzima yanatoka mbali kote huko, yakifika hapa twagombania ya kupikia, gari utalioshea nini? Mimi zamani nilikuwa napulizia oili chafu chini ya gari, haipati kutu.

FundiWaMshomoroni
Mzee, oili chafu inakula mipira. Bushi na vifuniko vya ekseli vinavimba vinapasuka. Afadhali nta ya kupuliza, na mtungi mmoja wa maji matamu wa kusuuzia mwisho. Hata akiosha kwa kisima, asuuze kwa matamu.

Mwana_wa_Mikindani
Jumamosi nina magari mawili ya kuona: Demio ya 1.3 Changamwe, na Swift Sport iliyomilikiwa na mtu mmoja tu, iko Bombolulu, mwenyewe anataka milioni moja na laki moja. Najua, najua. Nataka niiendeshe tu. Nimemwambia mke wangu kuhusu B2, amesema atafikiria. Fundi, uko huru asubuhi?

FundiWaMshomoroni
Niko. Waambie wote wawili wasiwashe injini kabla hatujafika, nataka kusikia ikiwaka baridi. Na uliza kama pana shimo ama jeki ya kupandishia. Ukijibiwa hapana, tutalipeleka kwangu.

Kasi_ya_Nyali
Anza na Swift. Tafadhali.

MamaZuu_Bamburi
Fundi, pana anayeosha magari kwa maji matamu huko kwenu? Yuko upande gani? Nataka nipeleke langu.

FundiWaMshomoroni
Mama, yuko karibu na stendi ya matatu, mwenye banda la bluu. Lakini muulize kila ukienda maji yametoka wapi siku hiyo, maana mfereji ukikauka naye anarudi kisimani.