Mrejesho: yule wa mgongo niliyesema nimechoka kuishi

Habari zenu ndugu zangu. Miezi mitatu iliyopita niliomba ushauri: mgongo mwaka wa nne, moto unashuka hadi unyayoni, na nilishaanza kuona familia itapumua nisipokuwepo. Mlinisihi nimwambie mtu siku ileile.

Nilimwambia dada, jikoni, akipepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaniuliza waziwazi: "Unataka kujiua?" Nikasema ndiyo. Jamani, sikujua swali lile linaweza kumtua mtu mzigo. Alilala kwangu wiki nzima, dawa zangu zote akakaa nazo yeye.

Daktari alinieleza maumivu ya muda mrefu na sonona hulishana: maumivu yananyima usingizi, kukosa usingizi kunazidisha maumivu na sonona yenyewe. Akanianzishia amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, inayotuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Pia mazoezi ya viungo, na mshauri nasaha kila wiki.

Maumivu hayajaisha. Ila juzi nilikaa nikamsuka binti yangu mpaka mwisho. Mawazo yale yakirudi, kama Jumanne usiku, nampigia dada palepale.

Uliyekesha nami ukiniandikia mpaka alfajiri, Mungu akulipe.