Mjadala: Léopards wa raga watoke Ulaya au hapa nyumbani?

Kamalondo (mwanzisha mada)

Jambo yenu wote. Najua mji wetu wa Lubumbashi una dini mbili tu, timu za kabumbu Mazembe na Lupopo, na anayeleta mada ya raga ataonekana amepotea njia. Nivumilieni.

Kila timu yetu ya taifa ya raga, Léopards wa Kongo, inapotajwa, hoja ni ileile. Kuna wanaosema tusijisumbue na vijana wa hapa. Tuwatafute Wakongo waliokulia Ufaransa na Ubelgiji, waliofundishwa mchezo tangu utotoni, tuwavalishe jezi, tushinde, na ushindi wenyewe utawaleta watu uwanjani. Wengine wanasema timu isiyo na hata mtu mmoja wa mtaani haimleti yeyote. Mimi niko na hawa wa pili. Ninataka kanuni iandikwe: kila kikosi kinachoitwa, nusu yake iwe ya wanaocheza hapa nchini, hata kama kwa miaka michache tutapigwa.

Ushahidi wangu uko Afrika Kusini. Mwaka 1995 Springboks, timu yao ya taifa ya raga, walichukua Kombe la Dunia pale Ellis Park kwa kuifunga New Zealand 15–12. Mandela na jezi namba 6 ya nahodha Pienaar, picha hiyo kila mtu ameiona. Lakini asiye mzungu katika kikosi kile alikuwa mmoja, Chester Williams. Fainali ya 2007 walianza wawili, Habana na Pietersen. Fainali ya 2019 kule Yokohama walianza sita kati ya 15, nahodha akiwa Siya Kolisi, na Uingereza ikalala 32–12. Trai zote mbili za siku ile, yaani mipira iliyowekwa chini nyuma ya mstari wa goli, ni za Mapimpi na Kolbe, wote wawili si wazungu. Mambo haya hayakujileta. Serikali ilisukuma, malengo ya idadi ya wachezaji wasio wazungu yakawekwa, na mwaka 2016 waziri wa michezo akafika mahali pa kuwazuia wakuu wa raga kuomba kuandaa mashindano makubwa, kwa sababu mabadiliko yalikwenda polepole mno. Watu walilia kwamba timu itaharibika. Kombe likaja 2019, likaja tena 2023.

Kampemba

Ndugu yangu, umebeba dawa ya ugonjwa mwingine. Afrika Kusini hawakuwa wanachagua kati ya wa ndani na wa nje. Wote walikuwa wa kwao, ila kulikuwa na sheria za ubaguzi zilizomfungia mtu mweusi nje ya jezi ile kwa rangi yake tu. Mtoto wa Mkongo aliyezaliwa Lille amemfungia nani? Kumwekea kikomo ni kumwadhibu kwa kuwa baba yake alipanda ndege.

Na kanuni za World Rugby, shirikisho la raga la dunia, zinamkubali. Mchezaji ni wako kama alizaliwa kwako, au mzazi wake, au babu au bibi yake. Asiye na uhusiano huo akae nchini miaka mitano mfululizo. Tangu 2022 hata aliyekwisha kuichezea nchi nyingine anaweza kuhama mara moja kwenda nchi aliyozaliwa yeye, wazazi wake au babu zake, mradi amekaa miaka mitatu bila kuichezea ile ya kwanza. Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akaichezea Ufaransa mechi 46. Zama zake mlango huo haukuwepo. Leo upo, na wewe unataka kuufunga nusu.

Kwenye kabumbu mbona hatuna haya? Bakambu amezaliwa Vitry-sur-Seine, Masuaku amezaliwa Lille. Tulipofika nusu fainali ya CAN, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, sikumsikia mtu hata mmoja kwenye nganda, baa zetu, akiuliza cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu, Katuba

Mie nitasema na Kiswahili yetu ya hapa, munisamehe. Wote mubili munaanzia kule juu. Mutoto akimuona Bakambu ku televizyo, anatoka inje, anakuta mupira ya matambara na mawe ine, njo goli. Mupira moja inaenea batu makumi mbili. Akimuona mutu wa raga, atatoka inje akute nini?

Raga inaombaka kuanguka. Kule chini iko nini? Iko mawe, iko chupa za kuvunjika. Mwezi wa saba udongo yetu inakauka, inakuwa nguvu kabisa, na mie siwezi kuambia mutoto wa mutu «mukamate mwenzako miguu, mumwangushe» pale. Mazembe iko na kiwanja ya muzuri, lakini ile haiko ya batoto ya masomo, ya shule yangu.

Na munamutaja Kolisi. Alizaliwa Zwide, mutaa ya bamasikini. Kanuni ya idadi haiko njo ilimutoa pale. Masomo moja ya makuta mingi, ya batajiri, ilimuona mu mashindano ya batoto, ikamulipia. Anzieni pale.

Kamalondo

Mwalimu, nakubali kwa Kolisi. Na Makazole Mapimpi? Huyo ni wa kijiji cha Tsholomnqa, Eastern Cape, hakupita kwenye zile shule zinazozalisha Springboks kila mwaka. Aliitwa timu ya taifa 2018 akiwa na miaka 27, umri ambao winga wengine wameanza kuhesabu siku za kustaafu. Mwaka uliofuata akafunga trai kwenye fainali ya dunia. Mchaguzi aliyezoea kukaa kwenye jukwaa la shule tano zilezile asingemwona mtu kama huyo hadi kesho. Ukimlazimisha mchaguzi kutafuta nje ya njia yake, anatafuta, na anapata. Kanuni yangu haina kazi nyingine zaidi ya hiyo.

Kampemba, kuhusu ubaguzi umenipiga vizuri, sikatai. Lakini mtu hafungiwi kwa sheria tu. Kijana wa hapa anafungiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kutumwa kumtazama.

Mama wa vijana, Ruashi

Nimewasoma wote, na kuna jambo wanaume mnaliruka. Max Brito wa Côte d'Ivoire. Kombe la Dunia lilelile la 1995 mnalolisifu, mji wa Rustenburg, mechi na Tonga: alianguka, wengine wakamwangukia, akaumia shingo na hakutembea tena. Nchi yake ilikuwa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na haijarudi mpaka leo.

Sasa baba Kamalondo anataka nusu ya kikosi iwe ya vijana wa nyumbani, «hata kama tutapigwa». Kupigwa kwa kabumbu ni mabao. Kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinama na kushikana kugombea mpira, wanane wanasukumana na wanane wengine, uzito wote unapita mabegani na shingoni mwa wale wa mbele. Kanuni za raga zenyewe zinataka watu wa mstari wa mbele wawe wamefundishwa kazi hiyo, na wakikosekana skramu inachezwa bila kusukumana. Wamejua kwa nini. Ukimchukua mtoto wangu mwenye mazoezi machache ukampanga mbele ya watu waliokomaa, ili hesabu yako ya nusu itimie, shingo inayowekwa dhamana si yako. Kabla ya kikosi niambieni nani anakaa pembeni ya uwanja na ubao wa kumbebea majeruhi, na gari inampeleka wapi.

Jambo lingine. Mmetaja watoto, vijana, wachezaji, na wote katika vichwa vyenu ni wavulana. Wasichana wa Kenya wamecheza raga ya saba Olimpiki ya Rio na ya Tokyo.

Mwanafunzi, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Mama amegusa penyewe. Raga ya wachezaji saba ndiyo njia yetu. Vipindi viwili vya dakika saba, skramu ya watu watatu tu, miguu kuliko uzito. Kenya walichukua mashindano ya Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji 30–7 kwenye fainali, na Fiji hao ndio waliochukua dhahabu ya Olimpiki mwaka uleule. Kikosi kidogo, gharama ndogo. Na kwa wanaosema raga ni ya watoto wa matajiri: nendeni Antananarivo, mji mkuu wa Madagascar, ni mchezo wa mitaa ya wanyonge. Mwaka 2012 Madagascar waliifunga Namibia 57–54 palepale Antananarivo, uwanja umejaa mpaka juu.

Dereva, njia ya Kasumbalesa

Mnaitazama Ulaya na kaburu, jirani mnamruka. Mimi napeleka mzigo Zambia. Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Mufulira, kote huko kuna vilabu vya raga. Vilianza na wazungu wa migodi ya shaba. Wazungu wakaondoka, viwanja vikabaki, wenyeji wakaendelea. Shaba ni ileile yetu, mpaka tu ndio umepita katikati. Sisi Wabelgiji walituachia kabumbu.

Zimbabwe nao, Julai 2025 kule Kampala, waliifunga Namibia 30–28 wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 Australia. Mara ya mwisho walikuwa huko 1991. Kikosi chao kilichanganya wa nyumbani na wa nje, sikusikia kanuni ya nusu.

Kijana wa Lubumbashi akitaka mechi ya maana anaambiwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kwa ndege. Kitwe ni basi. Asubuhi unaondoka, ukipita mpakani bila foleni (hapo muombe Mungu) jioni uko hapo.

Kampemba

Mkubwa dereva amesema kitu. Mimi kanuni ya nusu bado siikubali, wala kwa saba wala kwa 15. Mchezaji aliyepangwa kwa hesabu, wenzake wanajua, na yeye mwenyewe anajua. Lakini kama shida ni macho ya mchaguzi, basi mbaneni mchaguzi. Asitoe orodha kabla hajatazama mechi Lubumbashi, Goma na Bukavu, na aandike majina ya aliowaona, aliowachukua na aliowaacha. Vijana wa Ulaya waje kwa kipimo hichohicho.

Kamalondo

Na nani atamlipia ndege ya kufika Goma kuwatazama? Ukisema shirikisho halina makuta, ataketi Kinshasa aandike orodha yake kwa simu, na tutarudi kwa walewale vijana wa Lille.

Hata hivyo natengua sehemu moja, kwa ajili ya mama wa Ruashi: mstari wa mbele wa skramu uondolewe kwenye hesabu yangu. Pale aingie aliyefundishwa tu, atoke Lille au Likasi. Kwa timu ya saba, ya wavulana na ya wasichana, nusu yangu inabaki. Na anayekuja kutoka Ulaya akimaliza mechi asikimbilie uwanja wa ndege. Akae siku chache, afundishe kukamata na kuanguka.

Mwalimu, Katuba

Afundishie wapi?

Dereva, njia ya Kasumbalesa

Mwalimu, juma lijalo napita Kitwe. Nitauliza wale wa vilabu mipira yao iliyochakaa wanaipelekaga wapi. Wewe tafuta kipande cha majani hata nyuma ya parokia.

Mama wa vijana, Ruashi

Na ule ubao wa kubebea majeruhi, dereva. Uliza na huo.