Moshi: Hivi ni kazi ya nani kumwambia mgonjwa dawa yake inalipiwa na bima au la?

Wakuu, habari zenu. Nimechukia sana, nivumilieni.

Mzee wangu ni mtegemezi kwenye kadi yangu ya bima ya serikali. Mimi ni mwalimu, kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3 nyingine. Makato hayajawahi kuchelewa. Mzee aliwekewa stenti ya moyo Dar, yaani kile kibomba kidogo cha kuuacha wazi mshipa wa damu, na kule walitusisitizia kwamba vidonge vya kuzuia damu kuganda havikatizwi bila daktari kuruhusu, kwa sababu stenti inaweza kuziba ghafla. Sasa kliniki anahudhuria hospitali moja hapa Moshi.

Daktari kaandika Plavix, ndivyo hivyo vidonge vya kuzuia damu kuganda. Tumefika dirisha la dawa, dada kaangalia cheti, kabofya kompyuta, "Hii bima hailipi." Kwa nini? "Hailipi, kaka. Anayefuata!" Mzee yuko pembeni yangu na fimbo yake, ameshatoka Marangu na daladala ya alfajiri, anaanza kuniambia basi mwanangu tuache, nitameza zilizobaki nusu nusu. Nusu nusu! Dawa ya moyo!

Nikanunua kwa hela yangu duka la nje. Mfamasia wa pale, Mungu ambariki, ndiye aliyenionyesha kwenye boksi maandishi madogo chini ya jina kubwa: clopidogrel 75 mg. Akasema rudi ukaulizie kwa jina hilo. Nimerudi dirisha lile lile, dada yule yule, kompyuta ile ile. Imo. Tena dawa zilikuwa kwenye shelfu nyuma ya mgongo wake.

Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambayo bima inaifuata, inatumia majina halisi ya dawa, siyo ya kibiashara. Hilo mgonjwa atalijulia wapi? Daktari analijua, mtu wa dirishani analijua. Na kila dawa imepangiwa ngazi, kuanzia A ya zahanati hadi S ya hospitali za kibingwa, kwa hiyo dawa inaweza kuwemo kwenye orodha na kituo chako kisiruhusiwe kuitoa. Nyingine mpaka kibali cha bima. Nyingine imeisha tu stoo, na hapo ulipaswa kupewa fomu ukachukue duka lenye mkataba na bima. Kila sababu ina njia yake ya kutokea, lakini sisi tunajibiwa "hailipi" tu, tunaingia mfukoni. Tangu kitita kipya cha mafao ya bima kianze Machi 2024 watu wameshakata tamaa, wanadhani kila kitu kimeondolewa, hawaulizi tena.

Ninachotaka siyo kikubwa. Daktari aandike jina halisi la dawa. Anayekataa dirishani aandike sababu kwenye cheti na jina lake, ili nijue nirudi kwa daktari anibadilishie, niombe rufaa ya kwenda hospitali ya juu, au nifuatilie kibali. Wenye pesa watanunua nje. Wale akina mama niliowaacha kwenye foleni wakikunja vyeti vyao na kurudi Himo bila dawa, je?

Walioko Moshi na Arusha waliokataliwa dawa, wekeni hapa jina la dawa kama lilivyoandikwa na jibu mlilopewa. Msiweke majina ya wagonjwa. Nitazikusanya nizipeleke ofisi ya bima kwa maandishi, na barua yenye muhuri wa kupokelewa nitaiweka kwenye uzi huu.